Ukisikia "Charge", Uliza Kwanza Nani Analipa

Mfanyabiashara wa Butembo hubadilisha lugha kama anavyobadilisha noti. Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa benki na ofisi za serikali, Kilingala kidogo akikutana na askari. Kiingereza amekiokota njiani: Mpondwe, Kampala, Dubai, Guangzhou. Kinamtosha kuuliza bei, kuhesabu katoni na kubembeleza apunguziwe. Wala maneno magumu hayamtii hasara, kwa sababu neno gumu humfanya asimame aulize. Linalomtia hasara ni neno analodhani analijua.

Neno ninalotaka tulikague ni "charge". Utalikuta kwenye hati ya mzigo wa ndege, kwenye fomu ya benki, kwenye bili ya hoteli, kwenye faili la polisi, kwenye karatasi za hospitali na kwenye boksi la simu. Kila mahali lina kazi yake, na mtu wa Butembo au wa Beni hulisoma kwa macho ya Kifaransa, maana ndicho alichosomea shuleni. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Kwa Kifaransa "charge" ni mzigo, kitu cha kubebwa. Kamyoni iliyojaa mbao ni "chargé". Kijana anayeita abiria pakingini na kurusha mabegi juu ya gari ni "chargeur". Kiingereza kililichukua neno hilohilo kutoka Kifaransa, katika karne zilizofuata mwaka 1066 Wanormani walipoiteka Uingereza, na mzizi wake ni jina la Kilatini la gari la kukokotwa, "carrus". Lakini Mwingereza alikuwa na neno lake la mzigo, "load", na hilo ndilo alilolipa kazi ya magunia na mbao. "Charge" likabaki na mizigo isiyoonekana kwa macho: deni, wajibu, mashitaka, umeme. Ndiyo maana daktari wa Beni akipima wingi wa virusi kwenye damu husema "charge virale", na mwenzake wa Kampala husema "viral load". Pale Kifaransa kinaposema "charge", Kiingereza mara nyingi hutumia neno jingine; na pale Kiingereza kinaposema "charge", mara nyingi kuna pesa karibu.

Dereva wetu akiulizwa Mpondwe, "How much do you charge?", naye akajibu "Fifteen" akiwa na maana ya tani kumi na tano, mazungumzo yataendelea vizuri kabisa kwa dakika kadhaa, kila mmoja akidhani wameelewana. Mteja amesikia bei. Atakachokuwa anawaza ni kumi na tano ya nini: dola kwa gunia, au elfu kumi na tano za Uganda? Swali lilikuwa: unatoza kiasi gani? Jibu lake ni pesa, tena pesa yenye jina, maana pale Kasindi, upande wetu wa mpaka, dola, faranga za Kongo na shilingi za Uganda hupita mkono mmoja hadi mwingine siku nzima. Akitaka kujua gari inabeba kiasi gani angesema "carry" au "load".

Kosa la dereva hurekebishwa kwa kicheko. Kuna jingine halichekeshi. Kwetu Kongo, mwajiri akigharamia matibabu ya mfanyakazi, tunasema "amemchukua en charge". Shirika likisema mgonjwa yuko kwenye "prise en charge", familia hupumua, kwa sababu hakuna atakayedaiwa. Sasa mpeleke mgonjwa huyohuyo Kampala. Karani wa mapokezi anasema, "We will charge the patient." Ndugu wa mgonjwa anashukuru, hata mkono anampa. Kumbe ameambiwa kinyume chake: mgonjwa ndiye atakayelipa. Bili ikija siku ya tatu, anaona ametapeliwa, na karani anaona mtu huyu alikubali mwenyewe kwa mdomo wake.

Kwa hiyo zoea kutazama neno linalokuja mara tu baada ya "charge". Likiwa ni mtu, mtu huyo anatoa pesa: "charge you", "charge the buyer", "charge the patient". Likifuata "for", kinachotajwa ni kitu kinacholipiwa: "charge for transport". Likifuata "to", kinachotajwa ni hesabu itakayobeba deni: "charge it to my room" maana yake andika kwenye bili ya chumba changu, na jioni usishangae ukikuta chai tano za wageni wako zimo. Na kama mtu kweli anataka kukubebea gharama, Kiingereza chake kitakuwa "we will cover" au "we will pay for". Hayo ndiyo maneno ya kusubiri kabla ya kushukuru. "Free of charge" ni bure, haina mjadala. "No charge" inategemea mahali ulipo: dukani ni bure, kwa fundi wa simu ni betri iliyokufa.

Tuingie benki. Umeagiza mashine ya kusaga Guangzhou, ankara inasema dola 10,000, na chini kwa herufi ndogo imeandikwa "all bank charges on buyer's account". Wengi wetu huruka mstari huo. Ukienda kutuma pesa, fomu ya uhamisho wa kimataifa ina sehemu ya kuchagua nani analipa ada za benki, na chaguo ni tatu tu, zilezile kila nchi, hata fomu ikiwa ya Kifaransa: OUR, SHA na BEN. OUR ni kwamba wewe mtumaji unalipa ada zote. SHA mnagawana: wewe unalipa benki yako, zilizobaki zinamwangukia mpokeaji. BEN zote zinakatwa kwenye pesa inayotumwa. Karani akiona umenyamaza, usitegemee atakuchagulia ile inayokufaa wewe.

Shida ya SHA ni kwamba dola zikitoka huku mara nyingi hupitia benki ya katikati kabla hazijafika China, na benki hiyo nayo hujikatia chake. Umetuma 10,000, tuseme zimefika 9,965. Mwenye kiwanda anasema malipo hayajatimia, na mashine haitoki. Wewe unaona ni dola 35 tu. Yeye anaona mkataba haujatekelezwa, na ankara inampa haki. Kama ankara imeandikwa hivyo, chagua OUR, uliza benki yako itakata kiasi gani juu ya zile 10,000, na uombe nakala ya hati ya uhamisho. Kama bado mnajadiliana bei, basi ada hizo ni sehemu ya majadiliano, mwambie mgawane. Wachina wanajadili kila kitu, sioni kwa nini hili tuliache.

Kwa wale wanaokopeshana au kununua mali Kenya, jambo moja la haraka: katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, "charge" ni rehani. Ukiambiwa kiwanja kina "charge", usidhani ni kodi ndogo ya manispaa. Kuna benki inakidai.

Sasa mzigo wenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Uwanja wetu wa ndege wa Rughenda hupokea ndege ndogo, na ndege ndogo haina mchezo na kilo: begi linawekwa kwenye mizani, namba inasomwa, ukizidisha unalipa au unaacha. Mtu aliyezoea Rughenda anaamini kilo ni kilo. Akifika Dubai au Guangzhou kutuma bidhaa kwa ndege hadi Entebbe, anakuta mzigo mmoja una uzito wa aina mbili. Kuna uzito wa mizani, na kuna uzito unaotokana na ukubwa wa katoni. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, halafu wanagawanya kwa 6,000. Kati ya namba hizo mbili, kubwa ndiyo utakayolipia, na hiyo ndiyo wanayoiita "chargeable weight".

Chukua katoni ya kandambili za sponji, sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Ukizidisha unapata 120,000. Gawanya kwa 6,000, ni kilo 20. Kwenye mizani katoni hiyo ni kilo 9. Kama bei ni dola 6 kwa kilo, wewe ulishapiga hesabu ya dola 54 na ukapanga bei ya rejareja kabisa, wao wanakudai 120. Hawajakuibia. Ulipouliza "How much per kilo?" walikujibu ukweli, hukuuliza kilo zipi. Makampuni mengi ya vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000 badala ya 6,000, na katoni hiyohiyo inakuwa kilo 24.

Dawa ipo, na haihitaji Kiingereza kingi. Toa viatu kwenye maboksi yake, bana nguo, kata hewa. Na zaidi ya hapo, changanya mzigo mwepesi na mzito kwenye hati moja. Tuseme una ile katoni ya kandambili, na nyingine ya vipuri vya pikipiki yenye kilo 30 kwenye mizani, ukubwa wake sentimita 50 kwa 40 kwa 30, yaani kilo 10 kwa kipimo cha ukubwa. Ukituma kwa hati mbili tofauti utalipia 20 na 30, jumla kilo 50. Ukituma kwa hati moja, wanalinganisha jumla kwa jumla: mizani 39, ukubwa 30. Unalipia 39. Kilo 11 zimebaki mfukoni mwako. Kinamama wawili, mmoja muuza viatu na mwingine muuza vipuri, wanaweza kuungana hivyo, ila waandikiane kabisa nani anachangia nini kabla hawajarudi nyumbani.

Hati yenyewe ya mzigo wa ndege usiipokee ukaikunja tu. Karibu na sehemu ya sarafu kuna kifupi "CHGS", na pembeni yake visanduku vidogo vyenye PPD na COLL. Alama ikiwa kwenye PPD, nauli imelipwa kule ulikotoka mzigo. Ikiwa kwenye COLL, mzigo utakapofika Entebbe ndipo pesa itadaiwa, na anayedaiwa ni mpokeaji, yaani wewe. Kuna watu wamelipa taslimu Dubai, wakakuta COLL imewekwa alama, wakalipa tena kwa sababu risiti ya kule ilikuwa kipande cha karatasi kisicho na mhuri. Chini upande wa kushoto kuna safu ya hesabu. "Weight Charge" si uzito, ni nauli inayotokana na uzito. "Other Charges Due Agent" ni ada za wakala, na "Due Carrier" ni za shirika la ndege. Ukiona bei imepanda kuliko mlivyokubaliana, tazama kwanza mstari wa wakala, maana huo ndio wenye nafasi ya kupunguzwa. Shirika la ndege hutalihamisha.

Wanaoleta konteina kupitia Mombasa watakutana na ukoo mzima wa "charges". Mbili zenye kuuma ni "demurrage", konteina ikikaa bandarini kupita siku za bure, na "detention", ukichelewa kuirudisha tupu. Kutoka Mombasa hadi Butembo ni safari ndefu, kuna mpaka wa Kenya na Uganda, kuna Kasindi, na ingawa barabara ya Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 tu, mvua na usalama havisomi kalenda ya meli. Omba siku za bure zaidi siku ile unapokata bei, kwa maandishi. Ukiomba baada ya meli kutia nanga, unaomba huruma.

Muuza simu na betri za sola ana "charge" yake ya pekee. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kupakiwa kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo lazima zisizidi asilimia 30 ya chaji. Karatasi zitasema "state of charge". Hapo hakuna pesa wala mashitaka, ni umeme tu, maana ileile tunayoijua kwa neno letu "chaji". Lakini kiwanda kisipothibitisha kiwango hicho, mzigo utabaki kule.

Kampala, kwenye maduka ya jumla, neno hili limehamia kwenye simu. Muuzaji akikwambia "Send with charges", anataka uongeze ada ya kutolea, ili akitoa pesa apate bei kamili. Uganda iliweka kodi kwenye pesa za simu mwaka 2018, na iliyobaki baada ya malalamiko ya wananchi ni asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, kando ya ada ya kampuni. Kwa shilingi elfu hamsini hutaisikia. Kwa milioni kadhaa utaisikia, basi iingize kwenye bei mapema. Dubai nako, hoteli hutoza "Tourism Dirham", iliyoanza mwaka 2014: dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kufuatana na daraja la hoteli. Haimo kila mara kwenye bei uliyooneshwa mtandaoni. Uliza "Any extra charges?" kabla hujatoa pasipoti.

Kuna "charge" ya watu pia. "Who is in charge here?" ni swali la kumtafuta mkubwa wa mahali. Uganda wamelifanya hata cheo: mkuu wa kituo cha afya huitwa "in-charge", na kituoni kwa polisi kuna "OC", ambaye C yake ndiyo "charge" hiyo. Ukipata tatizo mpakani, huyo ndiye wa kumwulizia, kwa upole, badala ya kubishana na kijana aliyeshika kamba. Ila uangalie unapoulizwa wewe. Ukisema "I am in charge" mbele ya mzigo wa watu wanne kwa sababu tu wewe ndiye unayejua Kiingereza, umejitwisha mzigo huo mbele ya forodha. Sema "I am only translating."

Na likifuatiwa na "with", simama kabisa. "You are charged with" ni mashitaka. Mtu mmoja anaweza kulisikia neno akaanza kutafuta pochi, akidhani anatozwa faini, na kutoa pesa mbele ya askari kwa wakati huo ni kujiongezea kesi ya pili. Kushitakiwa si kuhukumiwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ibara ya 28 inampa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama. Kenya, kwa katiba ya 2010, muda ni saa 24. Kwa hiyo sema wazi kwamba wewe ni wa Kiswahili. Bahati nzuri askari wengi wa Uganda wanakijua, maana Kiswahili kimekuwa lugha ya vyombo vyao vya ulinzi tangu zamani. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza usiyatie sahihi mpaka usomewe kwa lugha yako.

Limebaki la hospitali, na "discharge". Daktari akisema "We shall discharge her tomorrow", mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi akiuliza asubuhi "Any discharge?", anauliza kama kuna usaha au uchafu wowote unaotoka kwenye kidonda au ukeni, na mama aliyejibu "Yes, tomorrow" kwa furaha atajikuta anafunguliwa bandeji upya. Jibu kwa Kiswahili kama hujaelewa, muuguzi atatafuta mwenzake. Kisha, kabla hujamaliza kulipa, dai karatasi inayoitwa "discharge summary": ina jina la ugonjwa, dawa alizopewa na vipimo vyake, na dozi zinazobaki. Hospitali nyingine hutoa risiti tu usipodai. Daktari wa Butembo anaisoma hata kama Kiingereza chake ni kidogo, kwa sababu majina ya dawa hayabadiliki sana, na bila hiyo ataanza vipimo vyote upya, na vyote utavilipia tena.